Zege Halilali: Mwanga, Saruji na Istilahi za Sayansi katika Kiswahili



Kwa miaka mingi nimehudhuria mihadhara ya mfululizo huu nikiwa msikilizaji, na nimezoea kusikia hapa habari za ngeli, za arudhi, za lahaja na za riwaya. Leo nawaomba radhi, kwa kuwa nitawapeleka mahali penye vumbi. Nitazungumzia saruji: namna inavyobadilika kuwa jiwe, namna wanasayansi wanavyoyachungulia mabadiliko hayo kwa kutumia mwanga, na vitu vidogo tunavyovitia ndani yake ili kuiharakisha au kuichelewesha. Baada ya hapo nitarudi nyumbani, yaani kwenye lugha, nieleze kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kabla ya kuwahusu wahandisi.

1. Utangulizi: sentensi ya fundi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikijenga nyumba ndogo. Siku moja baada ya sakafu kumwagwa, nilifika asubuhi nikamkuta fundi ameifunika kwa magunia na anayamwagia maji. Niliona kuwa anaiharibu kazi yake mwenyewe. Nikamwambia, "Fundi, si ungeiacha ikauke kwanza?" Naye, bila kuinua kichwa, akanijibu, "Mwalimu, zege halikauki. Zege linashika. Likikauka kabla ya wakati wake, limekufa."

Nilicheka, nikadhani ni maneno ya kazi tu. Baadaye nilipopata nafasi ya kusoma maandishi ya wanakemia wa saruji, nilitambua kwamba kati yetu wawili, yeye ndiye aliyetumia kitenzi sahihi. Mimi, mtaalamu wa lugha, nilikuwa nimetumia kitenzi ambacho kingeweza kuipasua sakafu yangu.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Mara nyingi tunapounda istilahi za sayansi kwa Kiswahili, tunaanza na neno la kigeni, tunauliza litafsiriwe vipi, na tunamaliza kwa orodha inayobaki kabatini. Ninadai kwamba mahali pa kuanzia ni kazi yenyewe na watu waifanyao, kwa sababu wao wamekwisha kuyagawa mambo kwa maneno, na mara nyingi wameyagawa kwa usahihi. Sayansi ya mwanga, kama nitakavyoonyesha, inaweza kutumika kama shahidi wa kuamua ni neno lipi limeigusa kweli na lipi limeikosa.

2. Yanayotokea saruji inapokutana na maji

Saruji ya kisasa, ijulikanayo kama saruji ya Portland, ilipewa jina hilo na Joseph Aspdin katika hataza yake ya Uingereza ya mwaka 1824. Hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuri lenye joto la kiasi cha nyuzi 1450 za Selsiasi. Kinachotoka ni vidonge vigumu vyenye rangi ya kijivu, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo kuwa unga. Hapa Afrika Mashariki unga huo tumekuwa tukiutengeneza wenyewe kwa muda mrefu: kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966.

Ndani ya unga huo mna misombo mikuu minne. Miwili ni silikati za kalsiamu. Ile iliyo nyingi zaidi huitwa alaiti, na mwenzake, ambaye ni mvivu, huitwa belaiti. Wa tatu ni aluminati ya kalsiamu, yenye haraka kuliko yote. Wa nne una chuma, na ndio unaoipa saruji rangi yake ya giza.

Maji yanapoingia, hayakai tu katikati ya chembe kama yakaavyo katika tope. Alaiti huyeyuka kidogo kidogo, na kutokana na mmumunyo huo huzaliwa vitu viwili vipya. Cha kwanza ni silikati ya kalsiamu yenye maji ndani yake, gundi laini isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo inayoushika mchanga na kokoto. Cha pili ni hidroksidi ya kalsiamu, ambayo si kitu kigeni kwetu: ni chokaa iliyotiwa maji, ileile waliyoitumia wajenzi wa Kilwa, Gedi na Lamu baada ya kuchoma matumbawe. Mmenyuko huu ndio wataalamu wanaouita uhidrishaji.

Kwa hiyo maji hayatoki ili saruji iwe ngumu. Maji huingia na kufungwa ndani ya jiwe jipya. Kila gramu 100 za saruji zikimenyuka kikamilifu hufunga kikemia takriban gramu 23 za maji. Ndiyo sababu saruji hushika hata ikiwa chini ya maji kabisa. John Smeaton, mhandisi wa Kiingereza, alilitafuta jambo hilohilo mwaka 1756 alipokuwa akijiandaa kujenga mnara wa taa wa Eddystone uliokamilika mwaka 1759, kwani mawimbi hayakumpa nafasi ya kusubiri kitu chochote kikauke. Kinyume chake, unyevunyevu wa ndani ya vitundu vya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, uhidrishaji hupungua sana, na chembe zinabaki unga uliofungiwa ndani ya ganda. Sakafu ya namna hiyo kwa nje huonekana nyeupe na ngumu. Baada ya muda huanza kutoa vumbi, kisha hupasuka.

3. Mwanga kama msomaji

Je, tunajuaje haya yote, ilhali gundi hiyo haionekani? Zipo njia nyingi: kupima joto linalotolewa na mmenyuko, kupiga eksirei, kuvunja matofali ya majaribio ya siku 7 na ya siku 28. Leo nitaeleza njia moja tu, spektroskopia, yaani kuchunguza kitu kwa kuangalia mwanga unaotoka kwake au unaomezwa nacho.

Aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi anafahamu kwamba uzi mmoja ukipigwa, mwingine uliokazwa kwa sauti ileile hutetemeka peke yake. Uzi wa sauti tofauti hunyamaza. Atomi zilizoungana katika molekuli zinafanana na nyuzi hizo. Muungano wa silikoni na oksijeni una mtetemo wake, wa oksijeni na hidrojeni una wake, wa salfa na oksijeni una wake. Tukiuangazia unga wa saruji kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni lakini ngozi huuhisi kama joto, kila muungano humeza sehemu ya mwanga inayolingana na mtetemo wake na kuziacha nyingine zipite. Mwanga huo uligunduliwa na William Herschel mwaka 1800. Mchoro unaoonyesha kilichomezwa na kilichoachwa huitwa spektra.

Mahali katika spektra hutajwa kwa namba ya mawimbi yanayoenea katika sentimita moja. Alaiti ambayo haijaguswa na maji hujionyesha karibu na namba 925. Gundi inapoanza kuzaliwa, alama hiyo husogea kuelekea 970, kwa sababu silikati zilizokuwa mojamoja zimeanza kushikana mikono na kufanya minyororo. Hidroksidi ya kalsiamu hutokea kama kilele chembamba na kirefu karibu na 3640. Maji ambayo bado yako huru hutoa kilima kipana karibu na 3400, na alama nyingine karibu na 1640. Kwa hiyo mtafiti akichukua spektra kila baada ya muda, huona maji yakihama kutoka katika kundi la walio huru kwenda katika kundi la waliofungwa. Hapo swali la fundi na mimi linajibiwa kwa ushahidi: zege linapokuwa gumu, maji mengi hayajaondoka bali yamebadilisha makao.

Njia ya pili inaitwa kwa jina la C. V. Raman, mwanafizikia wa India aliyeitangaza mwaka 1928 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Katika njia hii kitu huangaziwa kwa leza ya rangi moja. Karibu mwanga wote hurudi na rangi ileile, lakini sehemu ndogo mno hurudi ikiwa imebadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linaloeleza molekuli zilitetemekaje. Faida yake kwa saruji ni kwamba maji hayapigi kelele sana katika mwanga wa Raman, na hivyo rojo linaweza kuchunguzwa likiwa bado bichi. Hasara yake ni kwamba baadhi ya saruji hung'aa zenyewe zinapopigwa leza na kuzifunika alama dhaifu. Infraredi nayo ina hasara iliyo kinyume, kwa kuwa maji huimeza kwa wingi. Ndiyo maana watafiti huliweka rojo juu ya kipande cha fuwele, mwanga ukaligusa kwa chini kiasi cha maikromita moja au mbili tu. Hakuna njia inayoona yote, na mtafiti mwangalifu huziweka pamoja.

4. Viongezo: jasi, sukari, chumvi na majivu

Sasa tuje kwenye vitu vidogo vinavyotiwa katika saruji. Wapo mafundi wanaoviita dawa. Mimi nitaviita viongezo, lakini neno dawa si baya, kwani linatukumbusha mambo mawili: kwamba kipimo ni kila kitu, na kwamba dawa ya huyu ni sumu ya yule.

Kiongezo cha kwanza kimo tayari ndani ya kila mfuko. Ni jasi. Bila jasi, aluminati ingemenyuka na maji kwa pupa, na rojo lingekuwa jiwe ndani ya karai kabla fundi hajalifikisha ukutani. Jasi hutoa salfeti, na salfeti ikiungana na aluminati pamoja na maji mengi hufanya fuwele zenye umbo la sindano ziitwazo etringaiti. Hapo pupa hutulia. Mwanga wa Raman huliona jambo hili waziwazi: salfeti iliyo katika jasi huonekana kwenye namba 1008, na ile iliyo katika etringaiti kwenye 988. Kilele cha kwanza hushuka huku cha pili kikipanda.

Kiongezo cha pili ni sukari, hiihii ya chai. Sukari kiasi cha sehemu 5 katika 10,000 za uzito wa saruji hutosha kuchelewesha kushika kwa saa kadhaa. Ikikaribia asilimia moja, saruji inaweza kukataa kushika kabisa. Madereva wa magari ya kubebea zege wanalifahamu jambo hili, na gari likikwama njiani hutia sukari ili mzigo usigeuke jiwe ndani ya tangi. Spektra hueleza kinachotokea. Katika rojo lenye sukari, alama ya alaiti hubaki karibu na 925 kwa muda mrefu, na kilele cha 3640 hakitokei, maana yake ni kwamba hakuna gundi na hakuna hidroksidi. Hata hivyo alama za salfeti huendelea kubadilika. Etringaiti inaundwa, pengine kwa kasi kuliko kawaida. Basi sukari haijaiua saruji yote. Imeufunga mlango mmoja na kuuacha mwingine wazi. Mtu aliyelipima rojo kwa kidole tu asingeweza kulijua hilo.

Kiongezo cha tatu ni kloridi ya kalsiamu, chumvi inayoharakisha. Ikitiwa, alama husogea na kilele cha hidroksidi huchomoza mapema. Katika nchi za baridi iliwahi kutumika sana. Lakini kloridi hula nondo, na kwa hiyo haifai katika zege lenye chuma. Yaleyale ndiyo yanayotufanya tukataze mchanga wa pwani usiooshwa na maji ya bahari.

Cha nne ni kundi la pozolana, yaani majivu ya volkeno, udongo uliochomwa, na hata majivu ya pumba za mpunga yaliyochomwa kwa uangalifu. Hivi havishiki vyenyewe. Hungoja saruji itoe hidroksidi, kisha huila na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Katika spektra, kilele cha 3640 kilichokuwa kikipanda huanza kushuka baada ya siku na wiki. Ushahidi huu una thamani kubwa, kwa sababu unamtenga kiongezo anayefanya kazi na yule aliyejaza nafasi tu. Unga wowote wa kijivu unaweza kuuzwa kwa jina la pozolana; si kila unga hula hidroksidi.

5. Je, saruji hulala?

Nimefika mahali ambapo sayansi na methali zinakutana. Katika masaa ya kwanza, uhidrishaji una tabia ya ajabu. Dakika chache za mwanzo kuna joto na pilikapilika. Kisha, kwa saa moja, mbili au zaidi, kila kitu huonekana kimetulia, na rojo hubaki laini. Baadaye mmenyuko huanza upya kwa nguvu, na katika saruji ya kawaida hufikia upeo wake baada ya saa kumi hivi. Katika vitabu vya Kiingereza utulivu huo ulipewa kwa muda mrefu jina linalomaanisha kipindi cha usingizi.

Sasa sikilizeni methali ya mitaani Tanzania: zege halilali. Leo hutumiwa kwa mambo mengi, ya mapenzi, ya siasa na ya biashara, kwa maana ya kwamba lililoanzishwa limalizwe leoleo. Lakini chimbuko lake ni kazi. Zege lililokwisha kuchanganywa haliachwi hadi kesho. Fundi anayelitazama zege lake saa ya pili, likiwa laini kama lilivyokuwa saa ya kwanza, hadanganyiki na ulaini huo. Anajua kwamba kuna jambo linaendelea.

Nani aliyesema kweli, kitabu au methali? Nimeeleza punde hivi kwamba katika masaa hayohayo ya utulivu, kilele cha jasi kinashuka na cha etringaiti kinapanda. Alaiti nayo haijasimama. Inayeyuka, ila polepole mno. Mwanga unashuhudia kwamba hakuna usingizi. Wataalamu kadhaa wa saruji siku hizi wameliacha jina la usingizi na wanapendelea kusema kipindi cha mmenyuko wa polepole. Sidai kwamba aliyeitunga methali alifahamu etringaiti. Ninachodai ni kwamba alifahamu kutofautisha kati ya kitu kilichotulia na kitu kilicholala, na kwamba mwenye kuunda istilahi angemsikiliza asingetuletea kipindi cha usingizi kwa kutafsiri tu. Mimi ningependekeza kipindi cha ukimya. Kinyamazacho hakikulala.

6. Maneno manne na neno moja

Naomba sasa tuyapange maneno tuliyo nayo. Lugha ya kazi ina vitenzi vinne vinavyogusa jambo hili: kukauka, kuganda, kushika na kukomaa.

Kukauka ni kupotewa na maji. Hufaa kwa nguo, kwa samaki, kwa tope na kwa rangi ya ukuta. Kwa saruji halifai, isipokuwa tunapotaja ajali. Kuganda ni kugeuka kutoka umajimaji kuwa kitu kizito au kigumu, kama damu, samli au barafu, na husemwa pia kwa mfuko wa saruji ulioingia unyevu ghalani. Ni neno la haki kwa umbo, lakini halisemi sababu. Tena kigandacho kwa baridi huweza kuyeyuka tena, na saruji haiyeyuki. Kushika ni neno bora kwa hatua ile ambapo rojo huacha kutiririka na kuanza kubeba alama ya kidole. Lina maana ya mkono: kitu kimeshikwa na kitu. Kukomaa ni neno la mwendo mrefu, la siku 7, siku 28, na miezi kadhaa, ambamo nguvu huongezeka. Linatoka kwa matunda na kwa watu, na linabeba wazo la kwamba kikomaacho huhitaji kutunzwa. Utunzaji wenyewe mafundi wamekwisha kuupa jina: kumwagilia, kama amwagiliavyo mkulima.

Tazameni sasa namna maneno haya yanavyoamuru vitendo. Aambiwaye kwamba zege linakauka ataliacha wazi juani, tena atafurahi jua likiwa kali. Aambiwaye kwamba zege linakomaa atauliza linataka nini ili likomae, na jibu litakuwa maji. Tofauti kati ya wawili hawa ni kitenzi kimoja, lakini itaonekana katika nguzo, katika kifuniko cha choo, katika tangi la maji la shule. Ndiyo maana nasema istilahi si pambo.

Kuna neno moja zaidi, nalo ni saruji lenyewe. Tunalo pia neno simenti, lililopita Kiingereza likitoka Kilatini, ambako lilitaja vipande vya mawe. Saruji limetujia kutoka upande wa Uajemi na Uarabuni. Huko Uajemi sarooj ni jina la lipu ya kale isiyopitisha maji, yenye chokaa na majivu. Huko Omani jina hilohilo ni la udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa; kwa huo walijengea ngome, na kwa huo waliitandaza mifereji yao ya maji, aflaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Udongo uliochomwa, kama nilivyotangulia kusema, ni pozolana. Hula chokaa na kutoa gundi. Basi neno letu, kabla ya kuwa jina la unga wa kiwandani, lilikuwa jina la ujuzi wa kuongeza kitu katika chokaa ili ishike majini. Na viwanda vya leo, vikitafuta kupunguza hewa ya ukaa itokanayo na uchomaji wa mawe ya chokaa, vinarudi kwenye udongo uliochomwa. Neno lilitangulia likawangoja.

7. Hitimisho

Kanuni za uundaji wa istilahi tunazowafundisha wanafunzi wetu zinasema tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kisha kwingine. Kanuni hiyo ni njema, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilionyesha kwamba kazi inawezekana ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini tunaposema ndani ya Kiswahili, mara nyingi tunamaanisha ndani ya kamusi. Ninaomba tumaanishe pia ndani ya karakana, mgodi, shamba na eneo la ujenzi.

Sikatai kukopa. Spektra, alaiti na etringaiti nimezikopa leo mbele yenu bila haya, kwa kuwa hakuna mtu aliyeviona vitu hivyo kabla ya maabara. Uhidrishaji nao ubaki kwa mwanakemia. Lakini kwa kushika, kukomaa na kumwagilia hatuna haja ya kukopa, wala haki ya kuyafunika kwa maneno mapya. Yaliyokwisha kushika yaachwe yakomae.

Lipo pia jambo la haki. Kijana wetu wa Tanzania asomaye shule ya serikali huanza na Kiswahili katika elimu ya msingi, kisha hukutana na sayansi ya sekondari kwa Kiingereza. Akifika chuo kikuu atajifunza mchoro wa joto la saruji, na akihitimu atamsimamia fundi ambaye hakuvuka darasa la saba. Wawili hawa husimama kwenye sakafu moja. Mmoja ana spektra bila maneno ya kumweleza mwenziwe. Mwingine ana maneno, lakini hakuna aliyemwambia kwamba maneno yake yana ushahidi. Kazi ya mtaalamu wa Kiswahili ni kusimama kati yao.

Kwa wanafunzi wa isimu waliomo ukumbini nina pendekezo la utafiti. Nendeni kwenye maeneo ya ujenzi mkiwa na daftari. Msiulize neno hili la Kiingereza mnaliitaje. Ulizeni: unafanya nini hapo, na kwa nini? Andikeni vitenzi. Kisha nendeni kwa wenzenu wa uhandisi mkawaombe wawaonyeshe spektra, mlinganishe. Baadhi ya maneno mtayakuta yamekosea, kama langu lilivyokosea. Mengine mtayakuta yametangulia.

Fundi yule alimaliza kazi, nami sikuwahi kumwomba radhi. Sakafu ile bado haina ufa. Nafanya hivyo leo, mbele yenu.